Mwanangu, umeniuliza tulikuwa tunacheza nini

Mwanangu,

Juzi kwenye simu umeniuliza eti sisi likizo nzima tulikuwa tunafanya nini bila TV wala intaneti, maana mjukuu wangu hapo Kampala anakusumbua amechoka kukaa ndani. Nimeona niandike, kwenye simu ningekumalizia salio.

Sisi kule Walukuba, mtaa wetu wa Jinja, ndani tungekaa kufanya nini? Nyumba zenyewe ndogo, babu yako katoka zamu ya usiku kule Nytil, kiwanda cha nguo, kavuka bwawa la Mto Nile na baiskeli anataka kulala, basi bibi yako anatutoa nje asubuhi na nje ndo kuna watu. Msoga, Mjaluo, Mgisu, Muacholi, wote Kiswahili chetu kilekile cha kuungaunga, na mama wa yeyote akikukuta na kosa anakuchapa, ukifika kwenu unaongezwa.

Mimi raha yangu ilikuwa kumbikumbi. Msimu wa mvua tunaenda kwenye kichuguu na hatungoji watoke wenyewe, tunawadanganya. Unachomeka vijiti viwili, unalaza kingine juu, halafu unagonga haraka haraka ti-ti-ti-ti bila kupumzika, wale huko chini wanadhani mvua inanyesha basi wanaanza kutoka. Matundu mmeshafunika na majani ya mgomba, pembeni kashimo, wanatumbukia humo. Mmoja anagonga, mwingine anaokota, mdogo kabisa kazi yake kufukuza kuku. Tunang'oa mabawa tunawala wabichi hapohapo, mafuta matupu! Wakibaki (hawabaki sana) bibi yako anawakaanga na chumvi.

Halafu 1972 John Akii-Bua akachukua dhahabu kule Munich, mita 400 za kuruka viunzi, sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Tulisikia kwenye redio ya jirani na kuanzia hapo mtaa mzima ni Akii-Bua, tunapanga matofali, juu fimbo za muhogo, tunaruka mpaka magoti yanachubuka. Shangazi yako alitushinda wote na gauni lake, mpaka leo hajaacha kutukumbusha.

Sikudanganyi kwamba ilikuwa peponi. Mwaka huohuo Amin aliwafukuza Wahindi, duka la mjini tulilonunulia peremende likafungwa. Sisi tulijua peremende zimeisha tu, hofu walibaki nayo wazee.

Ila huyo mtoto wako mimi naona vitu vya kuchezea anavyo, anachokosa ni watoto. Geti, ukuta, kila mtu kwake, hata ukimnunulia baiskeli atazunguka kompaundi mara tatu arudi kwenye simu yako. Hapo flatini kwenu watoto si wapo? Ongea na mama zao, hata kama hamsalimiani.

Au mlete huku likizo ya Mei, kichuguu kipo nyuma ya choo na jirani ana watoto wasiokaa chini. Aje na malapa, zile raba nyeupe aziache hukohuko.

Baba yako