Mvinyo wa Toro Unataka Mafuta

Chupa yangu ya kwanza ya Toro niliinunua Madrid, nikaifungua jikoni kwangu siku ambayo nilikuwa nimekaanga vibua. Funda la kwanza juu ya samaki, nikahisi nimelamba msumari wenye kutu. Nilimwaga nusu chupa kwenye sinki nikilaani duka. Kumbe kosa lilikuwa langu: chuma kidogo kilichomo kwenye mvinyo mwekundu kikikutana na mafuta ya samaki, shombo huzidi.

Toro ni mji mdogo wa mkoa wa Zamora, Hispania, umekaa juu ya genge na chini yake unapita mto Duero. Jina lake maana yake ni fahali, na mvinyo wake una tabia hiyohiyo. Zabibu yao, Tinta de Toro, ni Tempranillo iliyozoea jua kali na mvua haba mpaka ganda lake likawa nene. Rangi nzito inatoka kwenye ganda, na ukakasi pia. Kilevi ni asilimia 14 au 15, kwa hiyo usiunywe kama maji ya madafu. Kinachonifurahisha zaidi ni mchanga wao. Karne ya 19 mdudu wa filoksera aliteketeza mashamba ya mizabibu sehemu kubwa ya Ulaya, lakini kwenye mchanga hastawi. Ndiyo maana Toro bado utakuta mizabibu mizee iliyosimama kwa mizizi yake yenyewe, wakati kwingine ililazimu kuibebesha juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani, ambayo mdudu huyo hayawezi.

Ukakasi huo anaujua yeyote aliyewahi kula bibo: ulimi unakuwa mkavu, mashavu yanavutana. Tanini za mvinyo, yaani vile vitu vya ganda vinavyoleta ukakasi, hushikana na protini za mate na kuyaondolea utelezi. Ukitafuna nyama yenye mafuta, tanini zinapata kitu kingine cha kushika na kinywa kinapumua. Basi siri yote ni mafuta na chumvi.

Nilikuja kuliamini hili Toro kwenyewe, kwenye meza ya mbao, mbele ya mbavu ndogondogo za mwanakondoo zilizochomwa juu ya matawi makavu ya mizabibu. Chumvi ya mawe, basi. Hakuna kiungo kingine. Mvinyo uleule uliokuwa umenitoa machozi Madrid ulikuwa laini, unanukia zambarau mbivu. Baadaye wakaleta jibini ya Zamora, ya maziwa ya kondoo, ngumu na yenye chumvi, na kwa kweli ningeridhika na hiyo peke yake. Maharage mazito yaliyopikwa na nyama yanafaa. Mkia wa ng'ombe uliotokota saa nne unafaa sana.

Pilipili ndiyo adui. Inauchochea ule moto wa kilevi hadi kooni, kwa hiyo ukiwa na mbuzi choma, weka pilipili pembeni na kachumbari iwe na limau kidogo. Vitu vitamu navyo acha. Keki huufanya mvinyo uwe mchungu.

Sasa joto. Utaambiwa mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba, ila chumba kinachosemwa ni cha Ulaya ya zamani, siyo sebule ya Dar es Salaam mwezi wa Desemba. Nilipokwenda likizo na chupa moja, tuliimimina ikiwa na joto la nyuzi 30 na zaidi. Ilinuka spiriti, shemeji yangu akairudisha mezani bila kusema neno. Tuliitia kwenye friji mpaka ikapoa. Nyuzi 16 hadi 18 ndizo nzuri.

Kama chupa imeandikwa "joven" ni changa, haijalala kwenye pipa au imelala kidogo. Ndiyo ninayoinunua mara nyingi, na bei haiumizi. "Crianza" imetunzwa miaka miwili, sehemu yake kwenye mapipa ya mwaloni. Hiyo imimine kwenye jagi saa moja kabla ya kula. Jagi la juisi linatosha, usinunue la kioo la fahari.

Siku ile, mezani kwa shemeji, chupa ilibaki na robo. Tuliifunga, tukairudisha friji. Kesho yake mchana tulikula nayo mishkaki ya jana, na safari hii shemeji alinisogezea glasi yake mwenyewe.