Mikoko Ikikatwa, Kagueni Kisiki Kabla ya Kupanda

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na kila kikundi kinachoingia mwituni na magunia ya mbegu huanzia pale pasipotakiwa: kupanda. Anzeni na visiki. Mchu na mlilana, aina mbili za miti ya jamii ya mikoko, hukatwa ikachipua upya. Mkoko wenyewe, ile aina inayokatwa boriti, hauna uwezo huo. Gogo lake nene halitoi machipukizi, kwa hiyo kisiki chake ni kuni tu.

Kisha teremkeni maji yakiwa yametoka, mhesabu miche iliyoota yenyewe. Mkipata mmoja kwa kila mita mbili kwa mbili, yaani kama 2,500 kwa hekta, iacheni ikue. Mkiikosa, tafuteni sababu. Mara nyingi ni matawi yaliyoachwa na wakataji: bamvua, yaani maji makuu, huyaelesha, yakabiringika juu ya miche na kuilaza. Yatoeni. Mahali pengine ni njia ya maji iliyozibwa na tuta au barabara. Tope hukauka, chumvi ikatanda nyeupe juu, na hapo mkoko hauishi. Huota mchu, unaostahimili chumvi, au mkandaa, aina nyingine ya jamii hiyo, upande wa bara. Si mwitu ule ule tena, ila ndio mwitu ardhi ile inaoweza kuubeba. Zibueni maji kwanza, ndipo mzungumze juu ya mkoko.

Kosa jingine ni kupanda mkoko ukingoni kabisa, ukielekea bahari wazi. Hapo ni kwa mlilana. Wimbi litaing'oa yote, na kuirudishia ni kutupa pesa bure.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya rangi ya njano chini ya kile kitunda, na ukiisokota kidogo inatoka bila kuvutwa. Yenye tundu la mdudu itupeni. Ziwekeni kivulini kama wiki moja, maana mbichi kaa huzipenda mno. Chomekeni theluthi moja tu topeni, ncha kali chini, mita moja kutoka mche hadi mche. Fanyeni hivyo wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo tu, ili zipate siku kadhaa za kushika kabla ya bamvua. Anayezizamisha nusu nzima akidhani anaziimarisha huziozesha, na hilo hugundulika miezi mitatu baadaye, wapandaji wamekwisha kwenda zao.