Kuhusu safu ya tatu katika gari la viti 7
Ndugu, umeuliza kama gari la viti 7 litaifaa familia yenye watoto wanne na bibi yao. Litafaa, lakini kichunguze kwanza kile ambacho wengi hukipuuza, yaani safu ya tatu, kwa sababu katika magari mengi viti hivyo vikiinuliwa nafasi ya mizigo hubaki finyu, na mtu mzima akikaa huko magoti hupanda juu kwa kuwa kiti kiko karibu mno na sakafu. Keti huko wewe mwenyewe kabla ya kununua. Kisha funga viti vya watoto katika safu ya pili na ujaribu kupita kwenda nyuma, maana mara nyingi kiti cha mtoto kikishafungwa, kile cha gari hakikunjiki tena, na hapo ndipo mlango wa kuteleza unapokuwa na thamani kuliko urembo wowote. Hakikisha pia mifuko ya hewa ya pembeni, ile inayofumuka gari linapogongwa ili kuwakinga abiria, inafika safu ya mwisho. Watu 7 wenye wastani wa kilo 60 ni kilo 420 kabla ya begi hata moja. Kwa hiyo soma uzito unaoruhusiwa, na ujaze upepo wa matairi kama kibandiko cha mlangoni kinavyoelekeza. Bibi akae safu ya pili, karibu na mlango.