Droni isiyokatika: ipe njia yake kwenye programu ya kinanda

Wapiga kinanda wengi wakitaka droni jukwaani, yaani noti moja au mbili zinazolia mfululizo chini ya wimbo, huanza kwa kuhangaikia sauti. Wanapekua pedi (sauti laini za kinanda za kujaza nyuma ya wimbo) moja baada ya nyingine, wakipata iliyo tamu wanabonyeza na kukanyaga pedali. Inalia vizuri, mpaka wabadilishe sauti ya piano au wanyanyue mguu. Hapo inakatika, na ukumbi mzima unasikia pengo. Kwangu mimi sauti si tatizo, pedi yoyote tulivu itafaa. Cha kwanza ni droni kuwa na njia yake, isitegemee mikono yako wala mguu wako.

Pedali hutuma ujumbe namba 64 wa MIDI (lugha ambayo ala za kielektroniki na kompyuta huwasiliana nayo), na kila ala iliyo kwenye chaneli hiyo huutii: thamani ya 64 kwenda juu ni kushikilia, chini ya hapo ni kuachia. Ukiweka piano na droni chaneli moja, kila unapoinua mguu ili kodi (noti zinazopigwa pamoja) zisichanganyikane, droni nayo inaachia. Kwa hiyo ipe chaneli yake kati ya zile 16, zima ujumbe wa pedali upande wake, kisha washa hali ya kujishikilia: ukibonyeza noti mara moja inalia, ukibonyeza tena inanyamaza. Kwa anayetumia MainStage, programu ya Apple ya kupigia kinanda jukwaani, droni ikae ngazi ya konseti (faili zima la onyesho), si ndani ya pachi (sauti mojamoja unazobadilisha), nayo itaendelea hata ukihama pachi. Mimi huigawia oktavu ya chini kabisa ya kibodi. Ujue tu kwamba noti hizo zimeshakuwa za droni; piano haitalia tena pale.

Noti zenyewe ni do na so. Mi iache. Ndiyo inayoamua kama kodi ni meja au maina, na ukiing'ang'ania, bendi ikifika kwenye kodi ya fa utasikia mi na fa zikisuguana kwa nusu toni. Do na so huvumilia karibu kila kodi ya wimbo.

Kubadili ufunguo ndiko kunakowaumbua wengi. Ukitoka C kwenda F huna haja ya kuzima kila kitu: C iliyokuwa do sasa ni so, basi ibaki, G iondoke taratibu, F iingie. Ziwekee noti sekunde tatu au nne za kuingia na nyingine kama hizo za kutoka. Lakini kutoka C kwenda D bemoli hakuna noti ya pamoja, na droni mbili zilizopishana nusu toni, tena zikiwa ndani ya mwangwi mrefu, ni karaha. Nyamazisha ya kwanza, wape wapiga ngoma nafasi, ndipo uanze ya pili.

Kata masafa ya sauti ya droni yaliyo chini ya Hz 150 hivi, mpiga besi atakushukuru. Filta (kichujio cha masafa hayo) ifunguke na kufunga polepole sana, kwa mzunguko wa sekunde kumi au zaidi, ili sauti isiwe kama friji inayonguruma jikoni.

Jambo linalosahaulika ni tyuni. Droni haisogei, kwa hiyo humfichua kila mtu. Kinanda kikiwa kwenye Hz 440 na gitaa likipiga A ileile kwenye 442, utasikia sauti ikitikisika mara mbili kila sekunde. Kila mtu atyuni kabla hujaiwasha, maana ikishaanza kulia hakuna pa kujificha.

Kompyuta ikiwa dhaifu, rekodi droni mapema kama faili 12, moja kwa kila ufunguo, uzicheze kwa kuzizungusha. Na vyovyote utakavyoipiga, itoe kwa fundi mitambo kwenye laini yake peke yake. Akiona imezidi aipunguze bila kugusa piano yako.