Kuandika bei ya uongo ili kukwepa kodi ya nyumba ya mirathi

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Baba alifariki mwaka jana akaacha nyumba Majengo. Tumebaki mama, ndugu wawili wa kiume na sisi mabinti watatu. Kaka mkubwa amepata mnunuzi wa milioni 12, lakini ataka mkataba uandikwe milioni 6, zilizobaki apokee mkononi. Asema kodi ya serikali ni maks, yaani tozo ya dhulma, kuikwepa si dhambi. Nikikataa naambiwa navunja udugu.

JIBU: Waalaykum salaam. Mwanangu, usitie sahihi.

Hoja ya kakako nimeisikia sana mjini, tena kwa watu wa msikitini. Hadithi ya mtoza maks kutoingia Peponi ameipokea Abu Daud, na wako waliodhoofisha isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Tuseme ni sahihi: inamkemea anayetoza kwa dhulma. Wapi imempa muuzaji ruhusa ya kuandika uongo na kuwatia mashahidi ndani yake? Wanazuoni wa kale Ghazali na Shatibi walijuzisha kiongozi kuwatoza wenye uwezo hazina inapokuwa tupu na haja ipo. Mtu akiona kodi hii imevuka mpaka huo, basi ateta na walioipitisha.

Na kuteta kwapo. Kodi hii ya faida ya kuuza mali (capital gains tax) hapa Kenya ilisimamishwa 1985, ikarudi 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Mwenye nyumba ya zamani huhesabiwa faida hata pale ambapo ni shilingi tu iliyoshuka thamani. Mwendeeni mbunge, pelekeni maoni Bunge likijadili mswada wa fedha. Mimi niko pamoja nanyi.

Lakini hebu tazama hesabu ya kakako. Ikiwa wazazi wa marehemu walishatangulia, mama ana thumni (sehemu moja ya nane), kila binti thumni, kila mwana thumni mbili. Thumni ya milioni 12 ni milioni moja na nusu. Ya milioni 6 ni laki saba u nusu. Zile za mkononi zikikataa kugawanywa, utamshitaki kwa karatasi gani, nawe umetia sahihi kwamba bei ni 6? Serikali itapunjwa, ndiyo, ila wa kwanza kupunjwa ni nyinyi wanawake.

Kodi hiyo pia si deni la marehemu, imezaliwa na mauzo. Itolewe kwenye bei, kila mrithi akatwe kwa kadiri ya fungu lake.

Msikimbilie kuuza. Nendeni mahakama ya Kadhi mafungu yathibitishwe. Kuhamisha nyumba kwa warithi hakutozwi kodi hii usimamizi wa mirathi ukikamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo, au muda aliouongeza Kamishna wa kodi kwa maandishi. Nanyi mmoja umeshaanza kuisha. Mwenye kukaa nyumbani mwake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza naye husamehewa. Kama mama yenu analala humo, mwulizeni wakili hilo lamfaa vipi, na mwulizeni mama mwenyewe kama ataka kuhama.