Kwa nini meli haipinduki gudi likikaushwa?

SWALI: Nimesoma kwamba gudi la mawe (bwawa linalokaushwa ili meli ikarabatiwe ndani yake) la Charlestown, Boston, Marekani, lililofunguliwa 1833, bado linapokea meli. Tumbo la meli ya mbao ni la duara. Maji yakitolewa inasimamaje? Na lango lina komeo gani la kuizuia bahari? Msomaji, Marangu, Moshi.

JIBU: Tuanze na lango, maana jibu lake liko shambani kwenu. Ukiziba mfereji kwa magome ya mgomba na udongo, maji yenyewe ndiyo yanayokandamiza kizibo. Lango la gudi ni chombo kinachoelea: huvutwa hadi mlangoni, hujazwa maji tumboni, likazama na kukaa kwenye mfuo wa jiwe. Pampu zikianza kukausha ndani, bahari hulisukuma kwa nje. Upana wa mita 18 na kina cha mita 8 ni msukumo wa tani 590 hivi. Komeo la nini tena? Likivuja, angalia ufito wa kuzibia wa pembeni ulioliwa, au takataka iliyonasa kwenye mfuo. Ndiyo maana mzamiaji huusafisha kwanza.

Kuhusu kupinduka, wasiwasi wako ni wa haki, ila hatari haiko pale gudi linapokuwa kavu. Iko katika dakika zile mkuku, yaani uti wa chini wa meli, unapogusa magogo ya kulalia yaliyopangwa sakafuni. Kwa kawaida meli huingia tezi (sehemu ya nyuma) ikiwa imezama zaidi kidogo kuliko omo (sehemu ya mbele), hivyo tezi hugusa kwanza. Magogo yakianza kubeba uzito, meli huwa kama lori lililopakuliwa mizigo ya chini ikabaki ya juu: inalegea, na kitu kidogo huilaza upande. Kwa hiyo pampu hupunguzwa kasi, na mkuku wote ukishalala, nguzo za mbao hukazwa kati ya ubavu wa meli na ngazi za mawe zilizojengwa kwenye kuta za gudi. Ngazi hizo si urembo.

Magogo hupangwa gudi likiwa kavu, kwa kufuata mchoro wa meli. Juu yake hupigiliwa ubao laini, ubonyee wenyewe badala ya mkuku. Gogo moja likizidi kimo kwa sentimita moja tu, linabeba mzigo wa majirani zake, na hapo ndipo mbao hupasuka. USS Constitution, meli ya kivita ya mbao ya Marekani iliyoshushwa majini 1797 na kulizindua gudi hilo tarehe 24 Juni 1833, ilipoingizwa tena humo 1992 mkuku wake ulikuwa umebinuka katikati kwa zaidi ya inchi 13. Haukulazimishwa, uliachwa ushuke polepole juu ya magogo. Mara ya karibuni ilikaa humo tangu Mei 2015 hadi Julai 2017, mabati ya shaba ya tumboni yakibadilishwa.

Kosa la mafundi wengi huja siku ya kutoka. Kila tangi hupimwa na kuandikwa siku ya kuingia. Mtu akimwaga mafuta ya upande mmoja wakati wa ukarabati bila kuandika, maji yanapoingia tena gudini meli huinuka ikiwa imelala ubavu, na nguzo zilishaondolewa.