Kioo changu kimeandikwa Baccarat 1847 chini, ni orijino?

Swali: Nimenunua kile kioo kizito cha mviringo cha kukandamizia karatasi, ndani kina maua ya rangi, chini kimekwaruzwa "Baccarat 1847". Muuzaji anasema sahihi ndo ushahidi. Nitajuaje kama ni feki?

Jibu: Ndugu yangu, hiyo 1847 ndo imemuumbua. Baccarat, kiwanda cha vioo cha Ufaransa, miaka ile walipoweka alama waliiweka NDANI, herufi B na mwaka, vipande vya vijiti vyembamba vya kioo vimepangwa humohumo kati ya maua. Alama ya kuchomwa kwa asidi kitakoni ni mambo ya karne ya 20. Kwa hiyo aliyekwaruza hapo hakujua hata anaiga nini.

Ila kinachonichosha kila siku ni hii imani kwamba sahihi ndo inafanya kioo kiwe cha kweli, jamani, vioo vingi vya zamani vya Ufaransa, hasa vya kiwanda cha Clichy, havina sahihi kabisa! Ndo maana wajanja wanaokota kioo kisicho na jina, kalamu ya ncha ya almasi, dakika tano tayari kina ukoo. Na inauma zaidi pale kioo chenyewe kilikuwa kizuri tu, wamekiharibu bure.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10 umulike kitako kwa pembeni. Kioo kilichokaa mezani miaka mingi kina mikwaruzo midogo ovyoovyo pale kinapokalia. Kama sahihi iko hapo na ni ya zamani, mikwaruzo inapita juu yake. Ukiona herufi ndo zimeikata mikwaruzo, tena kingo zake kali na nyeupe, hiyo ya juzi. Mikwaruzo yote ikilala upande mmoja ujue ni msasa, mtu kakizeesha makusudi.

Halafu kuna hawa wa tochi ya UV, kioo kinang'aa kijani basi wanashangilia. Mng'ao unakwambia kidogo kuhusu mchanganyiko wa kioo, nani kasaini haujui. Wabaya zaidi wanaochukua hela yako kuthibitisha kwa picha ya sahihi tu, wakati hata ya ndani inaghushiwa, zile herufi PY za Paul Ysart, fundi wa vioo hivi wa Scotland, zimeigwa humohumo ndani ya kioo. Mtu hajaona maua yalivyopangwa, hajaona kitako, anathibitisha nini? Ukinunua tena omba picha za ubavuni na kitako kizima, muuzaji akianza kuzungukazunguka achana naye.